KUKAZA MKANDA WA TAIMINGI NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, nayo imechapwa hapa kwa ombi lao.)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kunitaka niseme nanyi jioni hii, aliniachia nichague mwenyewe neno la kusema, ila aliongeza kwa mkono wake chini ya barua kwamba lingefaa liwe neno la kuwapunguzia wanachama gharama. Nalifikiri sana. Mimi si mtu wa fedha, wala si fundi wa motokaa; mimi ni karani kama ninyi, na kazi yangu ya kila siku ni majalada. Lakini ninayo motokaa kuukuu niliyoinunua kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa, na mkopo huo ungali ukikatwa katika mshahara wangu. Tena nilipokuwa naingia hapa nalizihesabu motokaa zilizosimama chini ya ule mwembe. Ni kumi na moja, na saba kati yake ni Toyota Corolla za umri mmoja na yangu. Basi nikaona nisiende mbali kutafuta neno. Nitasema juu ya mkanda mmoja wa mpira uliomo ndani ya injini za motokaa hizo, na jinsi ya kuukaza, kwa kuwa kuukaza ndiko kunakowashinda watu wengi kuliko kuuvua na kuuvika.

Iko na sababu nyingine. Wawili katika ninyi mlioketi hapa mlikuwa pamoja nami siku ile mlimani Kitonga, nanyi mliniuliza sababu ya mambo yaliyotupata, nami naliwajibu neno lisilokuwa kweli. Deni hilo nitalilipa kabla sijaketi.

Kwanza yafaa tujue mkanda huu ni kitu gani, maana wengi huuchanganya na ile mikanda ya nje inayozungusha feni na oltaneta. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka, nazo huzungusha kranki iliyo chini. Juu kabisa ya injini ziko valvu, yaani milango midogo ya kuingiza hewa na petroli na ya kutolea moshi, nazo hufunguliwa na kamshafti. Sharti kranki na kamshafti ziende pamoja bila kupishana hata kidogo: kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja. Motokaa inapokwenda barabarani na kranki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungika mara 1,500 katika dakika hiyo, ndiyo mara 25 kwa sekunde moja. Kinachoziunganisha hizo mbili ni mkanda wa mpira wenye meno kwa ndani, na mafundi wetu huuita mkanda wa taimingi. Zamani kazi hiyo ilifanywa na meno ya chuma au mnyororo. Motokaa ya kwanza kuuzwa kwa wingi yenye mkanda wa namna hii ilikuwa Glas 1004 ya Ujerumani, mwaka 1962, na baada yake watengenezaji wengi wakaufuata mtindo huo kwa kuwa mkanda hauna kelele, hautaki oili, na bei yake ni ndogo.

Motokaa ninayoisema ni Corolla iliyotengenezwa kati ya mwaka 1995 na 2000, ile ambayo wauzaji huiita 110. Injini ya kwangu ni 4A-FE, na mdogo wake ni 5A-FE ambayo wengi wenu mnayo, na mpangilio wa mkanda katika hizo mbili ni ule ule. Corolla zilizokuja baadaye nyingi zina mnyororo, na mwenye motokaa hiyo aweza kupumzika na kuwasikiliza wenzake. Tena ziko injini nyingine ambazo mkanda wake hukazwa na kifaa chenye oili ndani yake. Hizo zina kanuni zake, wala nisemayo leo asiyatumie mtu huko. Na mwenye injini ya dizeli ajihadhari zaidi ya wote, maana huko mkanda ukikatika pistoni huzigonga valvu na kuzipinda, na injini huwa ni ya kufunguliwa yote. Katika 4A-FE, kwa bahati njema, pistoni na valvu hazifikiani. Mkanda ukikatika injini hunyamaza tu. Lakini kunyamaza kwenyewe kwaweza kuwa mahali pabaya, kama mtakavyosikia.

Sasa nawasimulia. Nalipoinunua motokaa ile sikupewa habari yoyote ya mkanda wake. Desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, lakini motokaa iliyokuja kwa meli ikiwa imekwisha kutumika, nani ajuaye namba ile ya kwenye dashi kama ni ya kweli? Nikaona niubadilishe. Naliwahi kumtazama fundi mmoja akiifanya kazi hiyo, nikajiambia ya kuwa mtu aliyesoma sekondari ya misheni na kufaulu Fizikia hawezi kushindwa na mkanda. Nikanunua mkanda mpya. Puli ya kukazia nikaiacha ile ile ya zamani ili kubana fedha, na springi yake pia. Nilipofika kwenye kukaza, nikaubonyeza mkanda kwa kidole gumba, nikauona umelegea. Nikasema springi hii imechoka. Basi nikachukua bisibisi kubwa, nikaitia nyuma ya puli, nikaisukuma kwa nguvu zangu zote hata mkanda ukawa mgumu kama waya wa kuanikia nguo, nikafunga bolti. Nalifurahi sana. Nilimwita mke wangu aje aone.

Siku ya pili motokaa ikaanza kulia. Haikuwa sauti kubwa; ilikuwa kama ya mbu aliye karibu na sikio, nayo ilipanda kila nilipokanyaga mafuta. Nikasema ni upya wa mkanda, utazoea. Nikaendesha hivyo miezi minne.

Ndipo akafariki mzee wetu, yule karani mkuu mstaafu aliyetufundisha kazi wengi tulio hapa, naye alikuwa azikwe Morogoro. Tuliondoka Iringa watu wanne katika motokaa yangu, alfajiri, tukitumaini kuwahi. Tulipokuwa tunashuka Kitonga, ile sauti ya mbu ikageuka ikawa ya kusaga, mara ikakoma, na injini ikakoma pamoja nayo. Taa zote za kwenye dashi zikawaka. Kwa hofu nikaitoa gia, na usukani ukawa mzito mikononi mwangu. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika. Mara ya tatu nikaona pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Wengi hawajui neno hili: breki za motokaa hizi husaidiwa na uvutaji wa hewa unaofanywa na injini, na injini ikizimika husalia akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, baada ya hapo mtu husimamisha motokaa kwa nguvu ya mguu wake mwenyewe. Nyuma yetu palikuwa na lori limepakia shehena, likipiga honi. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, huku mguu nimeukaza wote kwenye pedali, nikaielekeza motokaa mferejini, ikasugua ukingo na kusimama. Hakuna aliyeumia. Lile lori likatupita, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno ndani ya motokaa.

Tulifika Morogoro jioni, ndani ya basi, tukakuta kaburi limekwisha kufukiwa na watu wametawanyika. Mjane wa mzee alitupokea kwa maneno mema. Aliuliza tu kama tulipata shida njiani. Nami, wenzangu waliponiuliza kilichotupata, nalijibu ya kuwa mkanda ulikuwa wa bandia na mwenye duka alinidhulumu. Haikuwa hivyo. Mkanda ulikuwa mzuri. Nilipofungua injini nyumbani naliona kwa macho yangu: beringi ya puli ya kukazia ilikuwa imekauka grisi na kushikamana, puli haikuzunguka tena, na mkanda ulikuwa umesugua juu yake mpaka ukayeyuka na kukatika. Kukaza kwangu kupita kiasi ndiko kulikoiua ile beringi, ambayo tena ilikuwa nzee. Mwenye duka yule sikumwomba radhi mpaka mwezi uliopita. Ninyi wawili nawaomba radhi leo.

Baada ya hayo nalitafuta kitabu cha matengenezo cha injini ile, nikakisoma kama mtu asomavyo Kanuni za Kudumu kabla ya mtihani wa kupandishwa cheo. Nikaona ya kuwa kosa langu halikuwa ugumu wa kazi. Lilikuwa kutojua ni nani akazaye mkanda. Mimi nalidhani ni fundi. Kitabu chasema ni springi.

Nitaeleza kwa taratibu. Kazi ifanywe asubuhi kabla motokaa haijawashwa, ikiwa baridi kabisa. Sababu yake ni hii: kifuniko cha juu cha injini hii, kilichobeba kamshafti, ni cha alumini, na sehemu ya chini ni ya chuma cha kusubu. Vyote hupanuka vikipata joto, na alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Basi injini ikipata moto, kamshafti hupanda juu kidogo mbali na kranki, na mkanda hukazika wenyewe. Mkanda uliokazwa sawasawa ukiwa baridi una nafasi ya kukazika huko. Mkanda niliokaza mimi ukiwa baridi haukuwa na nafasi yoyote, na kila motokaa ilipopata joto ulikuwa ukiivuta beringi kuliko inavyoweza kustahimili.

Toeni waya hasi wa betri. Inueni upande wa kulia wa mbele kwa jeki, kisha wekeni stendi imara au gogo pana chini ya chasi. Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Ondoeni gurudumu na kinga ya matope iliyo ndani yake. Plagi zote nne zitoke, ili injini izunguke kwa mkono bila kushindana nanyi. Mikanda ya nje itoke. Kifuniko cha valvu kitoke pia, maana alama moja tutakayoihitaji imo chini yake. Injini ishikwe kwa jeki ya pili yenye kipande cha ubao juu yake chini ya karata ya oili, ndipo mfungue kiegemeo cha injini cha upande wa kulia. Kila mnachokitoa kipigeni picha kwa simu kabla hamjakigusa, na bolti zake ziwekeni katika trei ya mayai, shimo kwa shimo, kwa mpangilio wa kutoka kwake. Nalijifunza jambo hilo baada ya kubakiwa na bolti mbili mkononi.

Sasa njooni kwenye alama. Zungusheni kranki kwa spana, kwa upande wa mshale wa saa, mpaka mfuo ulio kwenye puli yake uelekee alama ya 0 iliyo kwenye kava ya chini. Kisha tazameni juu. Kwenye puli ya kamshafti kuna kitundu chenye herufi K, na nyuma yake, kwenye kifuniko cha beringi ya kwanza ya kamshafti, kuna alama. Mkichungulia katika kitundu mwione alama hiyo. Msipoiona, zungusheni kranki mzunguko mmoja kamili, nayo itakuja. Wengi husahau ya kuwa kranki hufika kwenye 0 mara mbili kabla kamshafti haijafika mahali pake mara moja, wakafunga mkanda kwa kuamini alama ya chini peke yake. Alama hizo mbili zikikubaliana, ndipo puli kubwa ya kranki na kava ya chini vitolewe; na sahani ndogo inayoulinda mkanda usitoke, angalieni uso wake uliokuwa nje, irudi vivyo hivyo.

Legezeni bolti ya puli ya kukazia, isukumeni puli upande wa kushoto wenu mkiwa mmeielekea, mpaka ikome, kisha ifungeni hapo kwa muda. Mkanda utatoka wenyewe. Izungusheni puli kwa kidole na kuisikiliza. Ikikwaruza, au ikizunguka mizunguko mingi bila kujizuia kana kwamba imekauka, haifai. Bei yake ni ndogo mkiilinganisha na gharama ya kukokotwa kutoka Kitonga, nami naijua. Kadhalika springi: nunueni mpya, iwekeni karibu na ya zamani, iliyorefuka kuliko mpya itupeni. Tazameni pia kama kuna oili inayovuja nyuma ya puli ya kranki au ya kamshafti. Mpira wa mkanda haupatani na oili, na mkanda mpya uliolowa oili umekwisha kuzeeka kabla haujaanza kazi. Sili zibadilishwe kwanza. Mkanda wenyewe msiukunje, msiupindue, wala msiusafishe kwa petroli.

Vikeni mkanda mkianzia kwenye kranki, kisha juu kwenye kamshafti, mkiangalia upande wa kulia, usio na puli ya kukazia, uwe umenyooka bila ulegevu. Ulegevu wote uliopo uachwe uende upande wa puli ya kukazia, maana huko ndiko una wa kuushughulikia. Ulegevu ukibaki upande wa kulia, alama zitakubaliana sasa, kisha zitapishana jino moja mara kranki itakapouvuta mkanda.

Hapa ndipo palipo na moyo wa kazi, nami nawaomba mnisikilize. Legezeni bolti ya puli ya kukazia. Iacheni. Msiisukume puli, msiivute, msiitie bisibisi. Springi itaivuta puli hata iegemee mkanda. Mtaubonyeza mkanda na kuuona bado umelegea, na moyo wenu utawaambia kuusaidia. Msiusaidie. Rudishieni bolti ya kranki mahali pake, shikeni spana, mzungushe kranki polepole mizunguko miwili kamili kwa upande wa mshale wa saa, kutoka alama hata alama. Katika mizunguko hiyo meno ya mkanda huketi katika meno ya puli, ulegevu uliojificha hukusanyika upande wa springi, na springi huula. Mkipita alama kidogo msirudi nyuma. Kranki ikirudi nyuma upande wa kulia hulegea na yote mliyoyafanya huwa bure. Endeleeni mbele mizunguko miwili mingine. Kisha tazameni tena kitundu cha K na alama ya chini. Zikipishana, toeni mkanda mwanze upya, wala mtu asiseme jino moja si kitu. Jino moja ni injini isiyopanda mlima.

Zikikubaliana, fungeni bolti ya puli ya kukazia. Kitabu chasema nyutoni mita 37. Asiye na spana ya kupima nguvu na ahesabu hivi: ni kama uzito wa kilo 15 ukivuta mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 25. Mtu mwenye nguvu za kadiri hupita hapo bila kujua, na bolti hukatika. Bolti kubwa ya kranki, itakapofungwa mwisho, yataka nyutoni mita 118, ndiyo kama kilo 24 kwenye mwisho wa bomba la nusu mita.

Lakini kipimo cha mwisho kimebaki, nacho ndicho kilichonifedhehesha. Kitabu chasema: katikati ya upande wa kulia, mkanda ukibonyezwa kwa nguvu ya kilo 2, uingie ndani milimita 5 hata 6. Ukiingia zaidi umelegea, ukiingia pungufu umekazwa mno. Naliposoma hayo nikakumbuka kidole gumba changu. Kilikuwa kimebonyeza kwa kilo ngapi siku ile? Nikaenda jikoni, nikachukua mizani ambayo mke wangu hupimia unga, nikaibonyeza kwa kidole vile vile nilivyoubonyeza mkanda. Mshale ukapita kilo 7. Hapo nalifahamu ya kuwa springi ile niliyoiita mchovu haikuwa na kosa lolote. Mkanda haukuwa umelegea. Kidole changu ndicho kilichokuwa kizito. Mkanda wowote uliokazwa sawasawa ungebonyea chini ya kilo 7, na mtu angedhani umelegea.

Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa akitutundikia springi kwenye ubao, akaweka mawe ya mizani moja baada ya moja, nasi tukaandika kila jiwe limeivuta springi sentimita ngapi. Naliona jambo lile kuwa mchezo wa kutupotezea kipindi. Kumbe springi ni mizani. Mtengenezaji alikwisha kupima nguvu itakiwayo, akaifungia ndani ya kile kipande cha waya, na mimi nikaja na bisibisi kumsahihisha.

Basi fanyeni hivi. Kabla hamjaenda kwenye mkanda, bonyezeni mizani ya jikoni kwa kidole mpaka isome kilo 2. Fumbeni macho, bonyezeni tena, fumbueni mwone. Rudieni mara kumi au ishirini, hata kidole kijue kilo 2 ni uzito gani. Ni kidogo kuliko mdhaniavyo. Kisha wekeni ubao ulionyooka ukigusa puli ya juu na ya chini nyuma ya mkanda, bonyezeni katikati, mpime kwa rula mkanda umeachana na ubao kwa kiasi gani. Mwenye ile mizani ya ndoano, itumiwayo na wauza samaki, aweza kuitia katikati ya mkanda na kuivuta pembeni mpaka isome 2. Ni njia iliyo bora zaidi, kwa kuwa haimtegemei mtu.

Ikiwa kipimo hakikupatikana, legezeni bolti, mzungushe tena mizunguko miwili, mfunge, mpime. Kikikataa mara ya pili tafuteni sababu: springi haikuingia vema kwenye ndoano zake, au sahani ya puli imeshika kutu na haitelezi, au mkanda si wa injini hii. Mara nyingi ni kutu. Nalisafisha sahani yangu kwa msasa mwembamba, na puli ikaanza kutembea kama inavyotakiwa.

Mkiisha kurudisha kila kitu na kuiwasha motokaa, simameni upande wa kulia mkasikilize. Sauti ya mbu ni mkanda uliokazwa mno. Sauti ya kupigapiga ndani ya kava, kama mtu agongaye mlango kwa kucha, ni mkanda uliolegea. Motokaa isiyo na sauti katika hizo mbili, na iwakayo kwa mara ya kwanza ufunguo ukigeuzwa, iendeshwe. Andikeni tarehe na kilomita kwenye karatasi, mkaibandike ndani ya boneti, ili atakayeinunua baada yenu asibahatishe kama nilivyobahatisha mimi.

Najua yupo atakayeuliza, na hapa kwetu yupo kila mara, kwa nini karani achafue mikono yake hali mafundi wapo na wana njaa. Simkatazi mtu kwenda kwa fundi. Mafundi wengi waijua kazi hii kuliko nijuavyo mimi, na yule niliyemtazama zamani aliifanya vizuri. Mimi ndiye niliyetazama vibaya. Ila hata mwenye kwenda kwa fundi na asimame pale, na akiona bisibisi inakwenda nyuma ya ile puli, aulize kwa adabu, "Ndugu fundi, springi yake iko wapi?"

Bwana Mwenyekiti, mkanda wangu wa sasa umetimiza kilomita ambazo sipendi kuzipita. Nimenunua mpya, pamoja na puli, springi na sili mbili. Jumamosi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi, motokaa itakuwa imefunguliwa uani kwangu, na mwanachama yeyote apendaye kuona kwa macho na kuzungusha kranki kwa mkono wake na aje, ila aje na nguo za kazi. Mizani ya samaki ninayo. Ile ya jikoni mke wangu ameiruhusu kwa asubuhi hiyo tu, kwa sharti irudi bila grisi.